Kiburu, Mbege na Ngazi za Basi

Vijana wa kiume 77 wa mkoa wa Kilimanjaro, wote wazima wa afya, walikubali kubadilishiwa sahani. Wale wa vijijini, waliozoea chakula cha asili cha mlimani, walipewa kwa wiki mbili mlo wa Kimagharibi, ule wa vyakula vya kusindikwa vilivyojaa kalori. Wale wa mjini, ambao walikuwa tayari wameuzoea mlo huo, wakarudishwa kwenye maharage, ndizi, mboga za majani na nafaka. Kundi la tatu likapewa mbege, kinywaji cha Wachaga cha ndizi kilichochachushwa, kwa wiki moja. Kundi dogo likaachwa liendelee kula kama siku zote, ili pawe na pa kulinganishia. Damu ilipimwa kabla ya zoezi, baada ya zoezi, na mara nyingine tena wiki nne baadaye.

Watafiti walitoka Moshi, kwenye Hospitali ya KCMC na chuo chake, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2025 katika jarida la Nature Medicine. Waliotoka kwenye chakula cha mlimani kwenda kwenye cha Kimagharibi walionyesha dalili za inflamesheni, yaani kinga ya mwili kujiwasha kana kwamba kuna jeraha au maambukizi wakati hakuna. Papo hapo, chembe zao za damu zilipokutanishwa na vijidudu maabara, zilijibu kwa ulegevu kuliko mwanzo. Kinga ilikuwa macho pasipo na adui, na adui alipoletwa ikasinzia. Waliokwenda upande wa pili, pamoja na wanywaji wa mbege, mambo yao yalikuwa kinyume: inflamesheni ilishuka. Na baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yanaonekana baada ya zile wiki nne.

Wiki mbili tu. Hapo ndipo pa kushangaza. Watu wengi wameshaambiwa kwamba chakula kibaya huleta maradhi, lakini huwa wanayawaza kama deni la uzeeni, litakalodaiwa mtu akishafika miaka sitini. Vijana wa Kilimanjaro walionyesha kwamba damu huanza kubadilika kabla hata kilo ya sukari haijaisha jikoni.

Ni vizuri pia kusema utafiti huo haukusema nini. Walioshiriki walikuwa wanaume, vijana, na wachache. Wanawake hawakuwamo, wala wazee. Hakuna aliyeugua kisukari, na hakuna aliyeponywa kisukari. Kuhusu mbege, watani wa Wachaga walifurahi sana, lakini walifurahi mapema. Kinywaji hicho cha ndizi mbivu zilizochemshwa na kimea cha ulezi kina kemikali za mimea na mazao ya uchachushaji ambayo yanaelekea kuusaidia mwili, ila kina kilevi pia, na kilevi hakiachi kuwa kilevi kwa sababu kimetengenezwa na bibi. Hakuna daktari aliyeandika mbege kwenye cheti.

Chakula chenyewe kinastahili kutazamwa kwa karibu. Chukua kiburu. Mpishi hutangulia kuchemsha maharage mpaka yaanze kulainika, kisha humenya ndizi mbichi na kuzitia humo, na magadi kidogo, na chumvi. Sufuria hufunikwa na kuachwa moto mdogo. Ndizi zikiiva hupondwa kwa mwiko humohumo, zikachanganyika na maharage mpaka rangi ikawa kahawia yenye madoa, na mwiko ukasimama wenyewe. Hakinukii karamu. Mgeni kutoka Dar es Salaam anaweza kukitazama mara mbili kabla ya kunyoosha mkono.

Lakini ndani ya sahani hiyo mna karibu kila kitu ambacho wataalamu wa lishe hukihubiri. Maharage yana protini, madini ya chuma na nyuzinyuzi nyingi. Ndizi mbichi iliyopikwa ina wanga ambao sehemu yake haimeng'enywi kwenye utumbo mdogo. Hufika hadi utumbo mpana, na huko bakteria huula pamoja na nyuzinyuzi za maharage. Bakteria hao wakishiba hutoa asidi ambazo hulisha ukuta wa utumbo na kutuliza kinga ya mwili. Mkate mweupe hauwafikishii kitu: umeshayeyuka na kuwa sukari kwenye damu kabla ya kufika kwao.

Makande yana hesabu hiyohiyo. Mahindi yana upungufu wa lisini, mojawapo ya sehemu za protini ambazo mwili hauwezi kujitengenezea, na maharage yanayo lisini ya kutosha. Viweke kwenye chungu kimoja na kila kimoja kinafunika upungufu wa mwenzake. Ugali na dagaa hufanya kazi ya namna hiyo, na dagaa kwa kuwa huliwa na mifupa yake huongeza kalsiamu ambayo minofu ya samaki mkubwa haina kwa wingi. Hivi ni vyakula ambavyo wanafunzi wa bweni huvilaani na ambavyo mtu akipata kazi nzuri huviaga. Bahati mbaya, anayeviaga huwa anaelekea kwenye chipsi mayai na soda.

Hapa kuna jambo ambalo vitabu vya lishe vya kigeni haviligusi. Afrika Mashariki, chakula kina cheo. Unga mweupe una cheo kuliko dona, mkate kuliko kiazi kitamu, kuku wa kukaanga kuliko kisamvu. Mtu aliyenenepa husalimiwa kwa furaha, "umependeza, mambo yamekunyookea," na aliyepungua huulizwa kama ana mawazo au anaumwa. Kitambi kilikuwa, na kwa wengi bado ni, ushahidi kwamba mwenyewe anajiweza. Kumwambia mtu wa namna hiyo arudi kwenye makande ni kama kumwambia arudi kwenye nyumba ya udongo, na hakuna bango la Wizara ya Afya litakalomshawishi kama bango hilo halielewi aibu anayoikimbia.

Sahani, hata hivyo, ni nusu ya habari. Mchaga wa zamani hakuwa anakula kiburu akiwa amekaa. Nyumba yake ilikuwa ndani ya kihamba, bustani ya migomba na kahawa kwenye mteremko, na shamba la mahindi lilikuwa chini kabisa, tambarare. Ng'ombe walifungwa zizini, kwa hiyo majani yalikatwa huko chini na kupandishwa mlimani kichwani, kazi ambayo mara nyingi ilikuwa ya wanawake. Hakuna aliyeita shughuli hiyo mazoezi.

Kwamba kazi ya aina hiyo huulinda moyo, ushahidi wa kwanza ulioshika ulipatikana mbali sana na migomba, ndani ya mabasi mekundu ya ghorofa ya London. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza walikuwa wakifa kwa mshtuko wa moyo kwa kasi ambayo madaktari hawakuielewa. Daktari mmoja, Jerry Morris, alipata wazo la kuwatazama wafanyakazi wa usafiri wa jiji. Basi moja, watu wawili. Dereva alikuwa amekaa karibu muda wote wa zamu yake. Kondakta alikuwa akipanda na kushuka ngazi za ghorofa akikata tiketi, ngazi zipatazo 600 kwa siku. Wote walikuwa wanaume wa tabaka moja, wa mtaa mmoja, wenye mishahara inayokaribiana, wakivuta moshi uleule.

Morris na wenzake walifuatilia wafanyakazi wapatao 31,000, na mwaka 1953 wakachapisha matokeo katika jarida la The Lancet. Makondakta waliugua moyo kwa kiwango kidogo kuliko madereva, na waliougua, ugonjwa ulikuja ukiwa na makali kidogo na umri umeshasogea. Morris akaenda kutazama idara ya posta, akakuta sura ileile: wapeleka barua, waliotembea kwa miguu na kwa baiskeli, walikuwa na nafuu kuliko makarani na wapokea simu waliokaa ofisini.

Pingamizi lilikuja mara moja, na lilikuwa la haki. Huenda wanene ndio waliochagua udereva tangu mwanzo? Morris hakubishana kwa maneno. Alikwenda kwenye daftari za sare. Kampuni ilikuwa ikiwashonea wafanyakazi suruali, kwa hiyo ilikuwa na vipimo vya viuno vya kila mtu. Mwaka 1956 yeye na wenzake wakachapisha matokeo: ni kweli, madereva walikuwa na viuno vipana zaidi, hata wale vijana. Wapinzani walikuwa na hoja. Lakini uchambuzi ulioendelea ulionyesha kwamba hata makondakta wenye matumbo walikuwa na nafuu kuliko madereva wenye matumbo kama yao. Unene ulieleza sehemu. Ngazi zilieleza sehemu nyingine. Katika historia ya sayansi ya afya ni vigumu kupata ushahidi mzuri kuliko suruali hizo.

Anayepanda daladala leo anaweza kuuona mgawanyo uleule kwa macho yake. Dereva amekaa kuanzia alfajiri, konda ananing'inia mlangoni, anashuka, anaita abiria, anakimbia, anarukia. Lakini aliyebadilika zaidi ni abiria. Kabla ya bodaboda kuenea, mtu alishuka kituoni na kutembea hadi kwake, dakika kama ishirini, asubuhi na jioni, mvua na jua. Sasa pikipiki inamchukua kituoni na kumshusha kwenye geti. Dakika arobaini za kutembea kwa siku zimeondoka kwenye maisha ya mamilioni ya watu bila mtu yeyote kuamua ziondoke. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki. Safari ile ya kituoni ilikuwa inazimaliza zote kabla ya Ijumaa.

Mwendo wa wastani maana yake ni ule ambao mtu anaweza kuzungumza lakini hawezi kuimba. Si lazima uwe umevaa raba. Shirika hilo linaongeza kwamba mara mbili kwa wiki misuli ifanyishwe kazi ya nguvu, na hapo kubeba ndoo za maji, kulima, au kufua mashuka kwa mikono havina tofauti kubwa na vyuma vya jimu, isipokuwa jimu ina kioo.

Na zile hatua 10,000 ambazo kila simu inazidai? Hazikutoka maabara. Mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya michezo ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni moja ya Japani ilitoa kifaa cha kuhesabu hatua na kukipa jina lenye namba hiyo, namba kamili inayouzika. Ilichukua zaidi ya nusu karne kwa watafiti kuipima sawasawa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 uliwafuatilia wanawake wazee wa Marekani zaidi ya 16,000, wenye umri wa wastani wa miaka 72. Waliofikisha hatua kama 4,400 kwa siku walikuwa na hatari ya kufa iliyo chini kwa asilimia 41 kuliko waliotembea 2,700. Faida iliendelea kupanda mpaka kwenye hatua kama 7,500, kisha ikatulia. Bibi anayetoka kwenda sokoni na kurudi, akapitia msibani na kumjulia hali jirani, ameshafika huko bila kutazama simu.

Kuna kosa moja, hata hivyo, ambalo wapenda mazoezi hulifanya mara kwa mara: kuamini kwamba wakikimbia asubuhi wanaweza kula wanachotaka mchana. Waliolipangua kosa hilo ni Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi. Mwaka 2012 Herman Pontzer, mtafiti wa Kimarekani, na wenzake walichapisha vipimo vya Wahadzabe watu wazima 30. Waliwanywesha maji yenye atomu zilizowekewa alama, kisha wakapima mkojo wao kwa siku kadhaa, njia ya kuaminika kuliko zote ya kujua mwili unachoma nishati kiasi gani. Matarajio yalikuwa kwamba watu wanaowinda, wanaochimba mizizi na kutembea kutwa watakuwa wanachoma kalori nyingi kupindukia. Hawakuwa hivyo. Ukizingatia ukubwa wa miili, walitumia nishati karibu sawa na wafanyakazi wa ofisini wa Marekani na Ulaya.

Mwili, inaelekea, una bajeti yake. Ukitumia zaidi kwenye miguu, unabana matumizi kwingine, pamoja na kwenye ile inflamesheni isiyo na kazi. Huenda ndiyo sababu mazoezi yanaulinda moyo hata kwa mtu ambaye mizani haijashuka. Kwa hiyo anayetaka kupunguza uzito aanzie kwenye sahani, na anayetaka moyo imara aanzie kwenye miguu. Asishangae akikimbia mwezi mzima na suruali ikabaki ileile.

Wahadzabe walifundisha kitu kingine pia. Utafiti wa mwaka 2020 ulikuta kwamba wao nao hupumzika sana, karibu saa kumi za mchana na jioni. Tofauti ni mkao. Sehemu ya muda huo huwa wamechuchumaa au wamepiga magoti, mikao inayoifanya misuli ya miguu iendelee kufanya kazi kidogokidogo. Kiti chenye mto na egemeo hakidai chochote kwa anayekikalia.

Turudi jikoni. Unga wa sembe hupatikana kwa kuondoa pumba na kiini cha mahindi, na kwenye pumba na kiini ndiko kuliko na nyuzinyuzi, mafuta mazuri na sehemu kubwa ya vitamini B. Tangu mwaka 2011 kanuni za Tanzania zinataka wasagishaji wa viwandani warudishie baadhi ya virutubisho, lakini nyuzinyuzi hazirudi. Dona basi ni bora, kwa sharti moja kubwa: mahindi yawe yamekauka vizuri. Sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu, hupenda kukaa kwenye ganda la nje, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Mahindi yenye rangi ya kijani-njano au harufu ya uvundo hayafai kwa dona, hayafai kwa sembe, na hayafai kwa kuku.

Chumvi haitakiwi kuzidi gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na hesabu hiyo inajumuisha iliyo kwenye mchuzi, iliyo kwenye kachumbari, iliyonyunyizwa juu ya chipsi na iliyofichwa kwenye vile vidonge vya kuongeza ladha. Chumvi ya mezani ndiyo rahisi kuiondoa: chupa ihamie kabatini. Ulimi huzoea baada ya wiki chache, na waliowahi kujaribu husema baadaye chakula cha zamani wanakiona kama maji ya bahari.

Kuhusu sukari, kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni kama gramu 50 kwa siku, na linapendekeza nusu ya hapo. Chupa moja ya soda ya mililita 350 ina zaidi ya gramu 35. Ongeza chai mbili zenye vijiko vitatu vitatu, na andazi, na kikomo kimepitwa kabla ya chakula cha mchana. Hiyo chai nayo ina lake: ikinywewa pamoja na chakula huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo kwenye maharage na mchicha, jambo zito kwa mama mjamzito au binti mwenye upungufu wa damu. Isubiri saa moja. Limao au chungwa, kwa upande wake, husaidia ufyonzaji, na kwa kawaida lipo sokoni kwa bei isiyomtisha mtu.

Je, mambo madogo kama haya yanaweza kushindana na dawa? Swali hilo lilipimwa Marekani, kwa watu 3,234 ambao sukari yao ilikuwa imepanda lakini haijafika kwenye kisukari. Kundi moja lilipewa metformin, dawa nzuri inayotumika dunia nzima. Jingine lilisaidiwa kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki, kutembea tu kwa wengi wao. Majibu yalitoka mwaka 2002. Wakilinganishwa na waliopewa kidonge kisicho na dawa, wa metformin walipungukiwa na hatari ya kupata kisukari kwa asilimia 31. Wa kutembea na kupunguza uzito, kwa asilimia 58.

Mtu mwenye uzito wa kilo 90 anatakiwa kupunguza kilo sita na kidogo. Hazimrudishi kwenye mwili wa sekondari, wala si lazima iwe hivyo.

Aliyeshaanza dawa za kisukari au za presha asiziache kwa sababu amesoma haya. Chakula na mwendo hufanya kazi pamoja na dawa, na kupunguza dozi ni uamuzi wa daktari. Ambaye hajawahi kupima, aende akapime. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 nchini Tanzania ulikuta kwamba kati ya watu wazima wanne, mmoja alikuwa na shinikizo la juu la damu, na ugonjwa huo hauumi wala hautoi dalili kwa miaka mingi. Kipimo chake ni mkanda unaofungwa mkononi kwa dakika chache, na vituo vingi vya afya vinacho. Nenda na namba hii kichwani: chini ya 140 kwa 90. Na ukienda, nenda kwa miguu.